Maji Yanayotoka Yanakwenda Wapi?



Kila aliyepita shule ya msingi analijua swali hili. Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa 3. Bomba la pili hulimaliza tangi lililojaa kwa saa 4. Yote mawili yakifunguliwa pamoja, tangi tupu litajaa baada ya saa ngapi? Unatoa robo katika theluthi, inabaki sehemu moja ya kumi na mbili kwa kila saa. Jibu ni saa 12.

Jioni huwa nawasaidia watoto wa mtaani kwetu hapa Gisenyi kujiandaa na mtihani wa darasa la sita. Mmoja wao aliuliza jambo ambalo kitabu hakiliulizi: maji yanayotoka yanakwenda wapi? Wenzake walicheka. Mimi naona aliuliza swali la fiqhi. Bomba la pili likimwaga mtaroni au likijaza madumu ya jirani, hesabu ni ile ile, saa 12. Kisharia hayo ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni israfu, na Anas (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, yaani ujazo wa viganja viwili. La pili ni sadaka, na katika Sahihi Muslim tumefundishwa kuwa sadaka haipunguzi mali. Mwanahesabu atapinga: kilichotoka kimepungua. Hakosei, ila kipimo chake kinaishia kwenye ukuta wa tangi.

Litazameni ziwa letu. Kivu hupokea Sebeya na mito mingine mingi, lakini mto unaotoka ni mmoja, Rusizi, kule kusini. Nani hapa Rubavu analalamika kuwa Rusizi unatuibia? Maji yake huzungusha mitambo ya umeme njiani, kisha huingia Tanganyika. (Na kuingia nako si heri siku zote. Waliobomolewa nyumba na Sebeya Mei 2023 wanalijua hilo kuliko mimi.)

Basi tuseme kwamba kinachotoka kikimfikia mwingine si hasara? Hapo ndipo ninaposita, kwa sababu ya hadithi ya muflisi aliyoipokea Abu Huraira, nayo imo katika Sahihi Muslim. Mtu huyo anakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, tangi limejaa. Lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya fulani, akampiga fulani. Mema yake yanatolewa, wanapewa hao. Hakuna tone lililomwagika mtaroni: yote yamewafikia watu, tena wenye haki nayo. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) amemwita muflisi.

Kwa hiyo swali la yule mtoto linahitaji la pili: nani alilifungua bomba? Mtoa sadaka amelifungua kwa mkono wake, akijua na akinuia. Muflisi alilifungua kwa ulimi, pengine barazani, katika mazungumzo aliyoyasahau kabla ya magharibi.

Tena hesabu yake haikomi tangi linapokauka. Mema yakiisha na madai yakibaki, dhambi za wale aliowadhulumu zinachukuliwa na kutupwa juu yake. Bomba lile lile linageuka, linaanza kuingiza. Katika vitabu ninavyofundishia sijaona swali la namna hiyo.