Siku ya Mtoto ni Mali ya Nani?

Hapana mzazi katika miji yetu ya pwani ambaye, akiulizwa kama ataka mwanawe asome, atajibu kwamba hataki. Hoja hiyo imekwisha zamani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, ilimlazimu kuwahimiza Waislamu waamke, wasibaki nyuma katika elimu. Leo watoto waandikishwa, sare zashonwa, madaftari yanunuliwa. Lakini kuandikishwa siko kusoma. Tutakalo kulitazama hapa ni jambo dogo kwa sura, nalo ni zile siku moja moja ambazo mtoto aliyeandikishwa haonekani skulini, wala nyumbani kwao hapana aonaye kwamba pametokea jambo.

Siku hizo twazijua sote. Kuna harusi ya jamaa Malindi, watu waondoka Alhamisi warejee Jumatatu. Kuna matanga. Kuna maji ya bamvua, bahari imekupwa mbali, na kijana atakwenda mwambani kutafuta pweza. Mama aumwa, na binti abaki kumlea mdogo wake. Ijumaa mtoto atoka kwa ajili ya sala, kisha harudi tena darasani. Na ziko siku zisizo na sababu yo yote, illa mvua ilinyesha alfajiri na usingizi ukawa mtamu.

Mzazi husema, "Ni siku moja tu." Basi na tufanye hesabu. Juma la skuli lina siku tano. Mtoto akosaye siku moja kila juma amepoteza sehemu moja katika tano, na akienda hivyo kwa miaka mitano, amepoteza mwaka mzima wa masomo. Lau mtu angekuja akasema, "Mtoeni mtoto huyu skuli mwaka mzima," baba angemfukuza mlangoni. Lakini mwaka ule ule akiombwa kipande kipande, autoa kwa mkono wake mwenyewe na asihisi kitu.

Nasi twadhani kwamba wepesi wetu katika jambo hili una asili yake, na si uvivu mtupu. Sisi tumelelewa na chuo. Chuoni kila mtoto ana mahali pake: huyu yumo katika Juzuu Amma, yule amefika Yasini, na mwingine angali akisoma herufi. Mtoto akikosa siku tatu, siku arudiyo mwalimu humfungulia pale pale alipokoma, akaendelea kama kwamba hakuondoka. Amechelewa, ndiyo, lakini hakupotea. Skuli haikujengwa hivyo. Darasa zima huenda pamoja kama jahazi, na aliyekosa kupanda haliwezi kumrudia. Jumatatu watoto wafundishwa kuzidisha kwa tarakimu mbili, Jumanne wazoezwa, Jumatano waingia katika kugawanya, na kugawanya kwenyewe kwataka kuzidisha. Aliyekuwa harusini Jumatatu na Jumanne ataketi Jumatano akisikia lugha asiyoijua. Sisi twaipima siku ya skuli kwa kipimo cha chuo, na hapo ndipo tukoseapo hesabu.

Tena lipo lililo baya kuliko somo lililopita, nalo ni haya. Mtoto asiyefahamu hainui mkono. Huhamia kiti cha nyuma, hunakili daftari la mwenziwe, huomba Mungu mwalimu asimwite. Kukaa hivyo ni adhabu, na mtoto, kama mtu mwingine ye yote, hukimbia adhabu. Basi siku zile mbili alizonyimwa na wazee wake humfundisha kutafuta ya tatu mwenyewe: tumbo lamuuma, kiatu kimepotea, leo walimu wana mkutano. Baada ya miaka miwili au mitatu baba asema kwa masikitiko kwamba kijana huyu hapendi kusoma, kichwa chake kizito. Pengine kichwa hakikuwa kizito kamwe.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Siku ile ni ya nani? Aghlabu baba hujibu kwamba mtoto ni wake, na siku ya mtoto ni yake pia, akitaka ampeleka skuli na akitaka ambakisha. Sisi hatulikubali jawabu hili. Ni kweli kwamba mzazi ana amri juu ya mwanawe, lakini kuwa na amri juu ya kitu si kukimiliki. Tazama mali ya yatima. Mlezi huishika, huihesabu, huiuza na kuinunulia, na hata hivyo si yake. Katika Suratin-Nisaa mlezi mwenye uwezo ameamrishwa ajizuie nayo, na yule fukara ameruhusiwa kula kwa kadiri iliyo ya haki. Siku ya mtoto ni mali ya namna hiyo. Ameiweka mikononi mwetu kwa kuwa yeye hajaweza kuishika, naye atakuja kuidai atakapokuwa mtu mzima ambaye hawezi kusoma mkataba autiao sahihi. Na mali ya yatima iliyoliwa yaweza kulipwa, lakini Jumanne ya mtoto wa miaka tisa mtu ataitoa wapi?

Kwa mfano huu twaweza pia kutenganisha nyumba na nyumba, kwa maana si haki kuzihukumu zote hukumu moja. Nyumba yenye uwezo, iwekayo harusi katikati ya muhula ilhali likizo za Aprili, Agosti na Desemba ziko wazi, hiyo ni kama mlezi tajiri alaye mali ya yatima. Haina udhuru. Ama mvuvi ambaye asipopata mkono wa mwanawe leo hapaliki usiku, huyo ni mlezi fukara, nasi hatuthubutu kumnyoshea kidole. Twamwambia tu kwamba ruhusa ya fukara ina mpaka, na siku moja ya dharura isigeuke kuwa desturi ya kila bamvua.

Lakini dhima ya mvuvi huyo yatuangukia na sisi. Serikali iliondoa ada za skuli za msingi mwaka 2003, na Katiba ya mwaka 2010 ikampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 haikutosheka na kuandikishwa; yamtaka mzazi ahakikishe kwamba mtoto ahudhuria kwa utaratibu. Haya ni mema. Hata hivyo sheria haipiki uji wa asubuhi, wala hailei mtoto mchanga mama akiugua. Hayo ni kazi ya mtaa. Wazee wetu waliweka wakf za misikiti na visima kwa sababu waliona maji na sala ni haja za kila siku. Kwa nini kamati ya msikiti isiyajue majina ya watoto wa mtaa wake ambao hawakwenda skuli juma hili, ikauliza kwa upole kumetokea nini? Na mwalimu mkuu amrudishaye mtoto nyumbani kwa ajili ya deni la baba, naye pia amechukua siku isiyo yake.

Juu ya mabinti yatupasa kusema bila ya haya. Wako wakosao skuli kila mwezi kwa sababu ya hedhi. Mwaka 2017 sheria ilirekebishwa ili wanafunzi wa kike katika skuli za serikali wapewe sodo bure. Mzazi aone kama zamfikia binti yake, na zisipofika, aulize. Kumnyamazia kwa kuona aibu hakumsaidii. Tena tukumbuke mwaka 2020, skuli zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, na madarasa mengi yasirudi mpaka Januari 2021. Wasichana wengine hawakurudi tena, kwa kuwa nyumba zilikuwa zimezoea kuwa nao jikoni.

Patakuwa na mtu wa kutuuliza: je, hawapo watoto wahudhuriao kila siku na wasijue kitu? Wapo. Kuhudhuria si kujua, kama kufika sokoni kusivyokuwa kununua. Lakini asiyefika sokoni hakika hanunui. Na ikiwa mtoto yuko darasani kila siku na hafahamu, hapo twajua kwamba kasoro ni ya mafundisho, na twaweza kwenda kumwuliza mwalimu tukiwa na uso wa kumwulizia.

Dharura za kweli hazitakwisha duniani, na kwa hizo tunao mfano mzuri. Sayyidna Umar alikaa pembezoni mwa Madina, na kazi zake hazikumruhusu kushuka kwa Mtume kila siku. Akapatana na jirani yake Mwansari: siku hii ashuka huyu, siku ya pili yule, na kila mmoja arudipo amweleza mwenziwe yote aliyoyasikia. Mtoto aliyebaki nyumbani kwa dharura na afanyiwe hivyo. Jioni ile ile, kabla ya Magharibi, baba au mama amtume kwa jirani wanayesoma darasa moja, achukue daftari, aandike somo la siku ile na kuelezwa asilolifahamu, ili kesho darasa likisonga mbele naye awe ndani yake.