WALIOKWENDA KUISIKILIZA BAHARI

Sura ya Bani Israil yatufunza kwamba viumbe vyote vina tasbihi yao, ijapokuwa sisi hatuifahamu. Twaisoma, kisha twaidhani bahari kuwa ni bubu.

Si bubu. Sauti hupita majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Pomboo na nyangumi, ambao macho hayawafikishi mbali majini, huitana kwa sauti. Basi wataalamu hukokota nyuma ya chombo kinasa sauti cha majini, wakajua ni wanyama gani waliopo na wako wapi, hata usiku, hata wasipowaona. Hii ni elimu, na asemaye kuwa haimhusu Mwislamu hajui alisemalo.

Mwaka 2015 chombo cha namna hiyo kilipita pwani ya ndugu zetu wa Tanzania kuwatafuta nyangumi na pomboo. Kwa siku 31 walisikiliza. Pamoja na sauti za wanyama, walinasa milio 318 ya baruti! Zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Na uvuvi huo ulikuwa umepigwa marufuku nchini humo tangu 1970. Mpigaji baruti alidhani hapana amsikiaye.

Mvuvi atauliza: Je, samaki wa bahari si halali? Naam, samaki ni halali. Kitendo ndicho haramu. Baruti huua mkubwa na mchanga pamoja, huvunja matumbawe yanayowalea, na wengi katika waliokufa huzama wasiliwe na mtu. Huu ndio ufisadi wa baharini ambao Surat Rum imeunasibisha na mikono ya watu. Atataja umasikini. Na masikini wa kesho, mwenye mshipi na dema lake, ameachiwa nini?

Wala tusimlaumu mvuvi peke yake. Samaki wa baruti hajifichi: nyama yake ni teketeke na mifupa imevunjika. Sisi twamgeuzageuza sokoni, twaona, twanyamaza, twalipa, kisha twawahi safu ya mbele msikitini.