Adui Asiye na Mama

Mwaka 1978 yalitokea mambo mawili yasiyohusiana. Japani, Tomohiro Nishikado alitengeneza Space Invaders, gemu ya kutungua viumbe wanaoshuka kutoka angani. Oktoba mwaka huohuo, majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Mimi ni mtoto wa askari wa JWTZ, nimekulia kwenye kota za jeshi, na sasa nasomea shahada ya uzamili nikiandika hadithi za kisayansi kwa ajili ya gemu. Kwangu mambo hayo mawili yanakutana kwenye swali moja: nani anaweza kuuawa bila mtu kumuulizia?

Nishikado alifikiria kuweka askari binadamu. Kupiga risasi watu kulionekana hakufai, akaweka viumbe wa anga. Nia ilikuwa njema. Lakini tangu hapo hadithi nyingi za kisayansi kwenye gemu zimepewa kazi ya kuisafisha dhamiri ya anayefyatua. Kiumbe wa anga hana mama wa kumlilia.

Sisi nasi tulikuwa na neno la kazi hiyohiyo. Nilimjua "nduli" kabla sijajua kwamba Amin alikuwa mtu. Naelewa kwa nini nchi iliyovamiwa ililihitaji. Raia wa Kagera waliuawa kweli. Ila neno hilo lilimfunika pia kijana wa Uganda aliyevalishwa kombati na kuamriwa avuke mpaka.

Kambini, chini ya miembe, tulicheza vita. Hakuna aliyetaka kuwa nduli, kwa hiyo alipewa mdogo kuliko wote. Kanuni ilikuwa moja: ukipigwa unalala, unahesabu mpaka 20, unaamka.

Kisha baba wa mwenzetu mmoja akarudishwa kutoka misheni ya kulinda amani, ndani ya jeneza lenye bendera. Baada ya matanga mwanawe alirudi kucheza. Alikubali kuwa nduli, akakubali kupigwa, ila akakataa kuhesabu. Alijipangusa vumbi akaenda kwao. Kesho yake, bila kikao wala mjadala, kanuni ikabadilika: anayekufa anaenda nyumbani.

Kanuni hiyo nimeiingiza kwenye gemu tunayoandika darasani. Vita iko Mirihi. Mchezaji ni askari, na akifa haamki alipoangukia. Anaendelea kama binti anayesubiri kwenye kota, huku Duniani, ambako ujumbe kutoka Mirihi unaweza kuchukua hadi dakika 22 kufika. Kuna dakika ambazo baba ameshakufa na sauti yake bado iko njiani. Adui naye ana kota, na huko nako kuna anayesubiri.

Mwenzangu kwenye kundi alipinga: "Watu wanacheza wapumzike, wewe unawapeleka msibani." Mama yangu aliuliza jambo zito zaidi: "Msiba wa watu, mwanangu, utaufanya mchezo?"

Jibu langu ni hili. Jina la yule mtoto, kambi, mwaka na mahali alipofia baba yake ni mali yao, sivigusi. Hapo ndipo Mirihi inaponifaa. Joe Haldeman, aliyejeruhiwa Vietnam, aliandika The Forever War, riwaya ya mwaka 1974 ambamo askari wanarudi na kukuta karne zimepita nyumbani. Umbali unaomfuta adui unaweza pia kuwasitiri wafiwa, na bado ukasema ukweli wao. Kinachoamua ni unachokipeleka huko mbali: mauaji peke yake, au na wanaobaki.

Hata hivyo nilimwandikia mwenyewe, maana kanuni ni yake. Akajibu: "Weka. Ila usimfanye huyo binti alie muda wote. Na sisi tulikuwa tunacheka."

Kuna atakayezima gemu kusubiri kukianza. Ana haki hiyo. Sisi hatukuwa nayo. Atakayebaki atamkuta binti yuko nje na wenzake, wanabishana nani awe adui leo.