Aliyengoja Divisheni Irudi

Miaka na madaraja yaliyomo humu ni ya kweli. Vijana wawili ni wa kisa tu, ndiyo maana hawana majina.

Walikuwa mtu na binamu yake, wote wa Mwanga, hapo katikati ya Kigoma mjini na Ujiji. Walimaliza kidato cha sita, matokeo hayakutosha kuingia chuo kikuu, wakaamua kurudia kama watahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa Mei 2015. Ada ya yule mkubwa kwa umri ililipwa na mama yake mkubwa, aliyekuwa akidamka kwenda Kibirizi kununua dagaa ili auze sokoni Mwanga.

Nchi ilikuwa imechoshwa na mabadiliko. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka Februari 2013, watahiniwa 240,903 waliambulia sifuri. Serikali ikaunda tume, na Mei ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa 2011. Oktoba ya mwaka huohuo, mtihani mwingine ukiwa umebakiza siku chache, wizara ikatangaza madaraja mapya yenye B+ na E, na divisheni ya tano mahali pa sifuri. Kelele zikapigwa hadi bungeni, sifuri ikarudishwa. Halafu divisheni zikaondolewa, ikaingia GPA, yaani wastani wa pointi. Wazazi waliozoea kuuliza "Umepata divisheni ngapi?" wakaanza kujibiwa kwa nukta na desimali.

Kijiweni, wasemaji hawakukosekana. GPA hii haidumu, walisema. Waajiri hawaielewi, na atakayepata cheti chake atabaki nacho mkononi siku itakapofutwa. Ngoja divisheni irudi, ndipo ufanye. Mkubwa akaingiwa na hofu.

"Mwanangu, ada imeshalipwa. Unangoja nini tena?" mama mkubwa alimuuliza.

"Subira yavuta heri, mama."

"Heri ya kitu gani? Umemuuliza mwalimu?"

Hakuwa amemuuliza. Mei ilipofika mdogo aliingia chumba cha mtihani, mkubwa akabaki nyumbani. Matokeo yalipotoka, mdogo alikuwa na C mbili katika masomo aliyoyahitaji. Akaomba chuo, akapata.

Sasa sikiliza. Kijiwe kilisema kweli. Januari 2016, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako, ambaye kabla ya hapo alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, aliagiza GPA iachwe na divisheni irejeshwe. Mkubwa alitembea Mwanga nzima kifua mbele. Mei akafanya mtihani alioungojea mwaka mzima, akapata E mbili.

Hesabu yenyewe iko hivi. Katika mtihani wa kidato cha sita wa 2014 na 2015, alama 40 hadi 49 zilikuwa C, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huihesabu C hiyo kuwa pointi 2. Kuanzia 2016, alama hizohizo 40 hadi 49 ni E, yenye pointi 1. Pointi 2 anazipata mwenye D, inayoanzia alama 50. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni pointi 4 kutoka masomo mawili. C mbili za mdogo zilifika hapo. E mbili za mkubwa zilikuwa pointi 2, ingawa alama zao zilikuwa arobaini na kitu vilevile. Na ile hofu ya cheti kufa pamoja na GPA haikuwa na msingi: mwongozo wa TCU unawagawa waombaji kwa mwaka waliomaliza, na kila kundi linapimwa kwa madaraja ya wakati wake.

Kungoja hakukuwa kosa. Aliyeugua angoje, na ambaye hajaimaliza silabasi angoje. Huyu alingojea jina la mfumo, asiulize jina hilo litarudi na alama ngapi ndani yake. Wala simtupii lawama zote. Serikali inayotangaza madaraja mtihani ukiwa mlangoni imewafundisha vijana wake kubahatisha. Lakini anayebahatisha ndiye anayelipa, na huyu ilimgharimu mwaka mzima pamoja na ada mbili, kisha akaanza stashahada wakati binamu yake yuko mwaka wa pili wa shahada.

Leo tetesi zimerudi. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zilitangazwa kuwa 65, kutoka 16, na mtaala mpya unaingia shuleni kwa awamu. Utasikia wanaosema wahi kabla mtihani haujabadilika, na wengine wanaosema ngoja mpya utakuwa mwepesi. Wewe unayetaka kurudia, uwe Mwanga, Gungu au Ujiji, usiwaamini hao wala hao. Nenda kituo unachotaka kujisajili, uliza mwaka huo utatungiwa maswali kutoka silabasi ipi, usome fomati ya kila somo lako kwenye tovuti ya Baraza, kisha ufungue mwongozo wa TCU uangalie kozi unayoitaka inadai pointi ngapi. Fanya hivyo kabla hujalipa ada, na ukishalipa, ingia chumba cha mtihani.