Fungu la Wasiozaliwa

Ndugu zangu wa Kikula, wa Panda, wa Shituru, sikieni! Dunia ilipofikisha watu bilioni 8, Novemba 2022, wako waliowahesabu watoto wa Afrika kama magunia yaliyozidi ghalani. Kila mtoto anayelia usiku huu Likasi ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hakuna mkubwa wa dunia mwenye ruhusa ya kumwita ziada.

Lakini msipige makofi bado. Mungu aliyewaambia watu wazae ndiye aliyemweka Adamu bustanini ailime na kuitunza. Agizo la kwanza tumelitii kwa furaha. La pili je? Tangu mji huu ukiitwa Jadotville, maji machafu ya viwanda vya Shituru yameteremka kwa mto Panda hadi Lufira, yakaingia Ziwa Tshangalele. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta metali katika samaki wa bonde hilo, samaki tunaowala na bukari! Mwaka 2020, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, walitangaza kwamba baba akifanya kazi mgodini, hatari ya mtoto wake kuzaliwa na kilema huongezeka. Nani atathubutu kuniambia hayo ni siasa, hayaihusu Injili?

Wababa, kuzaa na kumwacha mtoto aoshe mawe ya madini mtoni ili apate chakula ni dhambi. Kaeni na wake zenu, pangeni uzazi wenu mbele za Mungu, bila haya.

Na miombo inaisha, inakatwa ili ichomwe makala. Bwawa la Mwadingusha lilijengwa ili viwanda vipate umeme. Karibu karne moja imepita, na mama bado anapika kwa makala. Simhukumu mama huyo, hana njia nyingine. Lakini miombo huchipua tena kisikini ikiachwa bila kuchomwa moto. Vijana wa parokia, kwaya, wamama wa kanisa: ombeni kwa chifu kipande cha pori mkilinde dhidi ya moto, mwaka baada ya mwaka.

Zaidi ya hayo, fungueni midomo! Sheria ya Madini ya nchi yetu, ya 2018, inagawa mrabaha unaolipwa na wachimbaji: asilimia 15 kwa mji au sekta inayochimbwa, asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Wasiozaliwa wana fungu lao kisheria, na sisi tunaojiita watetezi wa uhai tumekaa kimya. Nabii Eliya hakunyamaza: alimfuata mfalme Ahabu hadi ndani ya shamba la Nabothi, bila kualikwa.

Basi kila kanisa, la Katoliki, la Methodisti, la Garenganze, lichague watu wawili waaminifu mwezi huu. Waende ofisi ya mji, waulize ni kiasi gani cha mrabaha kimeingia na kimefanya kazi gani. Jibu lisomwe Jumapili, kwa sauti, kabla ya sadaka, hata kama ni sifuri.