Ibada ya Sanamu ni Nini?

Katika Amri ya kwanza Mungu amekataza kuabudu kitu cho chote pasipo Yeye. Lakini watu wa dini mbalimbali hawapatani juu ya mahali dhambi hiyo inapoanzia.

Kwa Waislamu, kumpa Mungu mshirika ni dhambi kubwa kupita zote. Ndiko lilikotoka neno ushirikina. Mtume wao Muhammad alipoingia Makka mwaka 630, masanamu yaliondolewa katika Kaaba. Hata hivyo mahujaji hulibusu Jiwe Jeusi lililo katika pembe yake ya nje, wala hawaliabudu.

Kwa Wakatoliki, Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 787 walifundisha kwamba sanamu ya mtakatifu huheshimiwa tu, na heshima hiyo humwendea mtakatifu mwenyewe; kuabudiwa ni kwa Mungu peke yake. Waprotestanti wa mji wa Zurich hawakukubali: mwaka 1524 waliziondoa sanamu makanisani.

Heshima kwa wafu nayo ilileta ubishi. Katika nchi ya China watu waliinama mbele ya kibao chenye jina la marehemu. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV aliwakataza Wakristu desturi hizo. Mwaka 1939 Roma iliwaruhusu kuinama hivyo, kwa kuwa ni adabu kwa wazee waliokufa, si sala. Amri ya Mungu haikubadilika. Roma iliangalia maana ya tendo.

Basi, kosa li katika kitu au moyoni? Maandiko Matakatifu yanajibu. Musa alitengeneza nyoka wa shaba kwa agizo la Mungu mwenyewe, na walioumwa na nyoka walipomtazama walipona. Miaka mingi baadaye watu wakamfukizia ubani. Ndipo mfalme Hezekia alipomvunja vipande vipande. Shaba haikugeuka, mioyo ya watu ndiyo iliyogeuka.

Neno hili lamhusu mkatekumeni kwa karibu. Yuko mtu anayeitupa hirizi motoni, kisha akavaa medali ya Bikira Maria, akidhani kwamba chuma chenyewe kitamlinda na wachawi, hata asiposali, hata akimwibia jirani. Huyo hakuacha hirizi. Amebadili kamba tu. Lakini anayeivaa ili akumbuke kumsihi Mama wa Mungu amwombee, huyo haabudu chuma. Kabla ya Ubatizo kila mmoja ajiulize: siku ya ugonjwa na ya hofu, tumaini lake huliweka wapi?