ULIJAZA WAPI MAFUTA, KIJANA?



Karatasi hili usilitupe wala usifungie karanga. Lisome mpaka mwisho, halafu ndipo uamue. Najua wengine hamsali popote, na mkisikia vipaza sauti vya mkutano mnapita ng'ambo ya barabara. Leo sikuiti kanisani kwanza. Leo nataka tuongee habari za pikipiki.

Je, umewahi kupanda pikipiki nzima, inakwenda vizuri, halafu ghafla ikaanza kukatakata? Inamisi, inakohoa, ukipiga resi inazama badala ya kupanda. Jana ilikuwa nzima! Asubuhi ilikuwa nzima! Kumetokea nini?

YALIYONIPATA KITONGA

Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 20, sijaokoka. Nilikaa kwa mjomba pale Ilula, mkoa wa Iringa. Siku moja mjomba akanipa pikipiki yake na shilingi elfu kumi ya mafuta, akanituma Ruaha Mbuyuni kumchukua mdogo wangu na kiroba cha vitunguu. Akasema, "Jaza sheli, usijaze pengine."

Kule bondeni nikakutana na kijana anauza petroli kwenye dumu, bei chini kuliko sheli. Sikuuliza ametoa wapi. Nikajaza, na elfu tatu iliyobaki nikaitia mfukoni. Nikajiona mjanja, ee!

Hatukufika mbali, injini ikaanza kumisi. Mdogo wangu akasema, "Kaka, mbona inakohoa?" Nikamjibu, "Kaa kimya, itajisafisha yenyewe." Tukaanza kupanda mlima Kitonga. Wanaoijua Kitonga wanajua: upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na malori yanapanda yakinguruma. Kwenye kona kali injini ikazima kabisa. Nyuma yetu lori, honi imejaa masikio. Nikaikata pikipiki pembeni, tukaanguka. Lori likapita. Mimi sikuumia. Mdogo wangu aliangukiwa na pikipiki, bomba la moshi likamkalia mguuni. Kovu analo mpaka leo.

FUNDI ALIULIZA SWALI MOJA

Dereva wa Fuso alituhurumia, akatubeba na pikipiki mpaka Ilula. Mdogo wangu akapelekwa zahanati, mimi nikasukuma pikipiki kwa fundi, mzee wa makamo.

"Kamwene, baba," nikamsalimu.

"Kamwene, mwanangu. Imeanza lini?"

"Leo leo."

"Kabla haijaanza, ulifanya nini? Ulijaza wapi mafuta?"

Nikamtazama usoni nikasema, "Sheli, baba."

Ndugu yangu, kwa neno hilo moja nilimpeleka yule mzee njia ya mbali. Maana injini ikiharibika GHAFLA, fundi mwenye akili hutafuta kwanza kitu kilichobadilika karibuni. Kitu kinachochakaa, kama pistoni na ringi, mara nyingi huchakaa polepole na kutoa dalili siku nyingi. Cha ghafla huwa kidogo tu: mafuta mabaya, waya umelegea, uchafu umeziba tundu. Hakuna haja ya kupasua injini!

Injini ya petroli inadai vitu vitatu. Kwanza mafuta na hewa kwa kipimo. Kilo moja ya petroli hutaka kilo 14 na ushee za hewa. Pili mgandamizo ndani ya silinda. Tatu cheche ya plagi kwa wakati wake. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6000 kwa dakika, ndani yake moto unawaka mara 3000, yaani mara 50 kila sekunde. Moto ukikosa mara chache tu, wewe uliyekaa juu unasikia.

Basi mzee, kwa kuwa aliniamini, akaanza na cheche.

1. AKAFUNGUA PLAGI. Plagi ina siri zote. Ikiwa nyeusi na masizi makavu, mafuta yanazidi au hewa imezibwa. Ikiwa imelowa oili, ringi au sili za valvu zimechoka. Ikiwa nyeupe kama chokaa, mafuta ni machache na injini inachemka. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, ni nzima. Yangu ilikuwa nzima. Akapima na mwanya wake; kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 mpaka 0.8.

2. AKAPIMA CHECHE. Akaichomeka plagi kwenye kofia yake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake ili mvuke wa petroli usishike moto, akapiga kiki. Cheche ya bluu, yenye nguvu. Akatikisa waya na kofia, haikukatika.

3. AKAFUNGUA HEWA KILINA. Vumbi lilikuwepo, akalipuliza. Akakagua mpira unaounga kabureta na injini asione ufa. Maana hewa ikiingia kwa njia ya wizi, injini hukosa utulivu; ukivuta choki ikatulia, ujue mafuta hayatoshi au hewa inaibiwa.

4. AKAFUNGUA MFUNIKO WA TANKI. Kitundu cha mfuniko kikiziba, petroli haishuki vizuri. Pikipiki inakwenda kidogo inazima, ukifungua mfuniko inapona. Haikuwa hivyo.

5. AKANGOJA INJINI IPOE, AKAPIMA TAPETI. Zilikuwa sawa.

Jua likawa linazama. Mie nimekaa juu ya tairi bovu, namwangalia mtu mzima akitoka jasho kwa ajili ya uongo wangu. Mwisho akafuta mikono akasema, "Mwanangu, plagi imesema kweli. Waya umesema kweli. Hewa imesema kweli. Tapeti zimesema kweli. Amebaki mmoja." Akanitazama. Nilikuwa najua! Nikanyamaza.

Akachukua chupa nyeupe, akalegeza skurubu ya chini ya bakuli la kabureta. Yakatoka mafuta. Akaisimamisha chupa juu ya benchi, tukangoja. Petroli ikapanda juu, chini yake yakabaki MAJI. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hulala chini kabisa, kwenye tanki na kwenye kabureta, pale pale jeti inaponyonya. Jeti ikinyonya maji, moto hauwaki.

"Hii ni sheli gani, mwanangu?" akauliza taratibu.

Hapo nikasema. Akamwaga tanki lote, akasafisha koki na chujio, akapuliza jeti kwa upepo (usichokoe jeti kwa waya, utapanua tundu lake!), akatia petroli safi. Kiki mbili, ikaunguruma kama mpya. Akaniambia, "Ungesema ulipofika, ungekwisha kuondoka zamani."

KIJANA, NA WEWE UNAMISI

Sasa nakuuliza wewe unayeshika karatasi hili. Maisha yako yalikuwa yanakwenda, ghafla yameanza kukatakata. Usingizi umepotea. Pesa inaingia haikai. Unagombana na mama bila sababu. Ukicheka na wenzako, ndani kunakohoa. Na umeanza kubadilisha vitu vya nje: simu mpya, nguo mpya, mchumba mpya, mji mpya. Ndugu yangu, hiyo ni kupaka rangi tanki lenye maji!

Rudi nyuma kidogo. ILIANZA LINI? Kabla haijaanza, ULIFANYA NINI? Ulijaza wapi mafuta? Ni lile kundi? Ni ile chupa? Ni ile pesa isiyo yako? Ni yule binti uliyemwacha na mimba? Wewe unajua, kama mimi nilivyojua pale juu ya tairi.

Katika Mwanzo 3 Mungu alimwita Adamu na kumwuliza alipo. Je, Mungu hakujua? Alijua! Alimpa nafasi aseme mwenyewe. Adamu akamsonta mkewe, mkewe akamsonta nyoka. Katika Zaburi ya 32 Daudi anasimulia kwamba aliponyamaza na dhambi yake, mifupa yake ilichakaa, alipokiri, akasamehewa. Na katika Yohana 4 yule mwanamke Msamaria kisimani alisema jambo moja la kweli juu ya nyumba yake, na siku hiyo hiyo maisha yake yakageuka.

Yesu ni Fundi mwenye huruma. Hakufukuzi kwa kuwa umechafuka. Mafundi hawafukuzi vyombo vibovu. Lakini anakuuliza swali, na anataka jibu la kweli.

Nisikufiche jambo: kwa fundi nilisema, kwa mjomba sikusema. Nilimwambia maji yalitoka sheli. Miaka miwili kila nilipoona mguu wa mdogo wangu, moyo ulimisi. Mwaka 2013 niliokoka kwenye mkutano wa injili, na kazi ya kwanza niliyoifanya ni kumpelekea mjomba elfu tatu yake mkononi na kumwambia yote, mdogo wangu akisikia. Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Halafu mdogo wangu akasema, "Kaka, mimi nilijua. Nilikuona ukijaza." Alikuwa amenisamehe zamani, akingoja tu niseme.

FANYA HIVI LEO

Kwa pikipiki: ikianza kumisi, usipande mlima nayo na usibebe mtu. Simama pembeni. Kumbuka kilichobadilika. Anza na kidogo: mafuta, plagi, waya, hewa. Mbali na sigara na moto. Kama ni pikipiki mpya isiyo na kabureta, inayonyunyizia mafuta kwa umeme, mwone fundi mwenye vipimo vyake. Na mwambie fundi UKWELI, hata kama unaaibisha. Maombi hayaondoi maji kwenye kabureta, skurubu inaondoa.

Kwa roho yako: usingoje Kitonga. Wakati mwingine anayeungua si wewe uliyekosa, ni yule uliyembeba nyuma. Tubu leo. Ukiweza omba hivi kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, nimejaza pabaya na nimedanganya. Najua siku ilipoanza na najua nilichofanya. Leo nasema mwenyewe. Mwaga ya zamani yote, nisafishe, nijaze upya. Nipe nguvu ya kumwambia na yule niliyemkosea. Amina."

Kama umeomba, usibaki peke yako. Njoo mbele ya jukwaa jioni hii, au mwone mtu yeyote mwenye beji ya mkutano. Halafu nenda nyumbani kwa yule unayemjua. Huenda naye anangoja tu useme.

UKIMALIZA KUSOMA, MPE MWENZAKO.